Hesabu ya Kilo Moja



Jumapili moja ya mwezi wa kumi mwaka 2025, baada ya Misa ya pili, vijana wa parokia moja hapa Kasongo walituomba tubaki nao ukumbini. Tulidhani ni habari ya shamba lao la mpunga, maana mvua zilikuwa zimeanza na mbegu zilikuwa bado ghalani. Badala yake alisimama mtunza sanduku wao, kijana wa mwaka wa mwisho katika shule ya ualimu, simu mkononi, akatusomea habari iliyoandikwa kwa Kifaransa. Habari hiyo ilisema kwamba tuzo ya Nobeli ya fizikia ya mwaka huo imetolewa kwa wataalamu watatu, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, ambao kazi yao ilisaidia kufungua njia ya kompyuta ya kwantamu.

Hadi hapo yote yalikuwa kweli. Lakini pamoja na habari hiyo ilikuja sauti iliyorekodiwa, iliyopita kutoka simu hadi simu, ya mtu asiyejitaja jina. Alieleza kwa Kiswahili kitamu kwamba kompyuta hiyo mpya hutengenezwa kwa tantali, kwamba tantali ndiyo madini yanayotoka katika koltani yetu ya Maniema, na kwamba ndani ya miaka miwili bei ya koltani itapanda mara kumi. Atakayenunua sasa, alisema, ataajiri wenzake. Atakayengoja ataajiriwa nao.

Kikundi kilikuwa na dola 410 sandukuni. Zilikuwa matunda ya misimu miwili ya mpunga, zilizowekwa kwa ajili ya gharama za mtihani wa serikali za wenzao sita. Pendekezo lilikuwa kuzitoa zote, wapewe vijana wawili, waende upande wa Pangi wakanunue koltani, waifiche, wangoje. Mtunza sanduku alijitolea kuwa mmoja wa hao wawili. Mtihani, alisema, huja kila mwaka. Bei kama hiyo huja mara moja.

Walitaka jibu letu siku ileile. Tuliomba wiki moja, na mmoja wao akacheka kwa heshima, akasema, "Mwalimu, wewe unaogopa mashine." Hatukumjibu. Tulikuwa na sababu ya kunyamaza, na tunaiandika hapa kwa kuwa wazee wengi wa Kasongo wanaijua tayari.

Mwaka 2000 tulikuwa walimu watatu wa shule moja ya msingi, wote tukiwa tumesomea ualimu, wote tukiwa bado hatujafika miaka 30. Vita vilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, vijiji vya pembeni mikononi mwa Mai-Mai, na mshahara wa serikali tulikuwa tumeusahau. Wazazi walitulipa kwa mpunga, kwa mawese, mara chache kwa franka. Hatusemi haya ili kujitetea. Walimu wengine walilipwa vivyo hivyo na hawakuondoka.

Ndipo likaja jina jipya, koltani. Waliowahi kufanya kazi katika machimbo ya bati huko Kalima walilijua jiwe hilo jeusi na zito, mwenzi wa kasiteriti, lakini sisi wa kusini tulikuwa hatujalisikia. Mnunuzi mmoja aliyepita Kasongo alitueleza kwamba dunia inaingia karne mpya, kwamba kila mtu atatembea na simu mfukoni, na kwamba bila jiwe hilo hakuna simu. Akaongeza kwamba bei haiwezi kurudi nyuma, kwa sababu karne hairudi nyuma. Maneno hayo tuliyarudia njiani siku tisa tukisukuma baiskeli mbili kuelekea misitu ya Pangi.

Tuliondoka katikati ya mwezi wa kumi na moja. Tunasema "tuliondoka" kwa wingi, maana hakuna aliyemsukuma mwenzake. Tuliuza mbuzi wawili na cherehani ya mke wa mmoja wetu, tukanunua chumvi, sabuni na mabeleshi. Darasa la sita, ambalo tulilishika sisi tunaoandika haya, lilikuwa na wanafunzi 38. Siku ya mwisho tuliandika ubaoni somo la namba za desimali, tukawaambia wamalizie mazoezi nyumbani, kesho tutasahihisha. Kesho yake, kabla ya jogoo wa pili, tulikuwa njiani.

Mwanzo ulikuwa mwema, na huo ndio uliotuharibu. Kwa kilo za kwanza tulizouza tulishika fedha ambazo hatukuwahi kuziona pamoja tangu tuanze kufundisha. Kama tungerudi siku ile, wake zetu wangetupigia vigelegele na wanafunzi wangekuwa wamepoteza mwezi mmoja tu. Lakini mtu aliyeona bei ikipanda mara tatu mfululizo haoni tena kilo aliyo nayo. Anaona kilo atakayokuwa nayo. Tuliacha kuchimba, tukawa wanunuzi wadogo. Fedha yote tuliitia katika mawe ya wengine, tukayafukia chini ya kitanda cha fito, tukangoja mwezi wa tatu. Wakati huo kuku mmoja msituni aliuzwa dola 8, na sisi tulikula tukihesabu faida ambayo haijazaliwa.

Mwezi wa tatu ulipofika, bei ilikuwa imeanza kuteremka. Tukasema itapanda. Mwezi wa tano wanunuzi waliokuwa wakigombania mifuko yetu hawakutaka hata kuipima. Yule mnunuzi wa karne mpya hatukumwona tena.

Tulirudi Kasongo mwezi wa saba mwaka 2001, watu wawili na baiskeli moja. Wa tatu alikataa kurudi mikono mitupu mbele ya mkewe. Alihamia kwenye dhahabu, Salamabila, katika Kabambare, na miaka michache baadaye shimo liliporomoka akazikwa hukohuko. Darasa la sita lilikuwa limekaa bila mwalimu hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Mwalimu wa darasa la tano alijaribu kuyaunganisha madarasa mawili chini ya paa moja, lakini sauti ya mtu mmoja haitoshi watoto wengi kiasi hicho. Kati ya wale 38, chini ya nusu ndio walioonekana mwaka uliofuata. Wasichana kadhaa walikuwa wameolewa. Paroko alitusamehe mapema. Wazazi walichukua muda mrefu zaidi, na walikuwa na haki.

Mtunza sanduku wa kikundi ni mtoto wa mmoja wa wasichana wale. Sisi tulilijua hilo tangu aliposimama na simu yake. Yeye hakulijua.

Katika wiki ile tuliyoomba, tuliketi na daftari tukajaribu kueleza kwa maandishi kilichotupata, na tulishangaa kuona kwamba miaka yote hiyo tulikuwa tukikieleza vibaya. Tulizoea kusema kwamba tulidanganywa. Lakini yule mnunuzi alituambia nini? Kwamba kila mtu atakuwa na simu mfukoni. Tazameni leo sokoni: mama anayeuza sombe anayo, kijana wa baiskeli anayo, katekista wa kijiji kisicho na barabara anayo, na hupanda kichuguu kutafuta mtandao. Kwamba simu zinahitaji tantali? Ni kweli, vifaa vidogo viitwavyo kapasita, vinavyotunza umeme ndani ya mashine, hutengenezwa kwa tantali hadi leo. Kila alichokisema juu ya mashine kilitimia. Sisi tulifilisika katikati ya ahadi ya kweli.

Jambo lenyewe lilikwenda hivi. Katika miaka ile ya mwisho wa karne, matajiri wa Marekani na Ulaya walishikwa na homa ya kampuni za intaneti na simu. Soko la hisa la Nasdaq, mjini New York, lilifika kilele mwezi wa tatu mwaka 2000. Kampuni za simu zilitabiri mauzo yasiyo na mwisho. Watengenezaji wa kapasita, wakiogopa kukosa tantali, waliagiza kuliko walivyohitaji, wengine kwa wauzaji wawili watatu kwa wakati mmoja, na kila agizo lilihesabiwa kama haja halisi. Mwanzoni mwa mwaka 2000 ratili moja ya tantali katika soko la dunia ilikuwa chini ya dola 40. Kabla mwaka haujaisha ilivuka dola 200. Wakati huohuo, mwezi wa kumi na moja, waasi walioshika mashariki waliipa kampuni moja ukiritimba wa kuuza koltani nje. Sisi tulifika msituni katika mwezi huo huo, yaani tulipanda mtumbwi ulipokuwa unakaribia maporomoko.

Kisha ikaonekana kwamba simu zilizouzwa duniani mwaka 2001 zilikuwa karibu milioni 400, hazikuzidi zile za mwaka 2000. Maghala yalijaa. Australia, iliyokuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote, iliendelea kutoa tantali yake kwa mikataba ya miaka mingi iliyotiwa sahihi kabla. Kabla mwaka 2001 haujaisha bei ilikuwa imerudi karibu na pale ilipoanzia, na Nasdaq yenyewe ilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kabla ya mwisho wa mwaka 2002. Simu ziliendelea kuja polepole, mwaka hadi mwaka, kwa mwendo wao. Bei ilikuwa imekimbia mbele kuzipokea, ikachoka njiani, na sisi tulikuwa tumejifunga kwenye mkia wa bei.

Jumapili ya pili tuliingia ukumbini na chaki. Walikuwapo vijana wapatao 30, na mzee mmoja wa Kabambare, katekista mwenzetu aliyestaafu, aliyekuja Kasongo kumwona mjukuu wake na hakutaka kukosa mkutano.

Tulianza na mashine yenyewe, kwa sababu kijana anayepewa maonyo bila maelezo hudhani kwamba mzee hajui. Kompyuta ya kawaida, hata ile iliyomo katika simu, hufanya kazi kwa biti, na kila biti ni sifuri au moja, kama taa iliyozimwa au kuwashwa. Kompyuta ya kwantamu hutumia kyubiti, ambayo kabla ya kupimwa inaweza kubeba sifuri na moja kwa pamoja, kwa uwiano fulani. Kutokana na hilo, aina chache za hesabu ambazo kompyuta ya kawaida ingezifanya kwa karne nyingi zinaweza kufupishwa sana. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kwamba mashine ya namna hii, ikiwa kubwa ya kutosha, ingeweza kuvunja kufuli za hesabu zinazolinda benki na barua za siri. Tisho hilo si mchezo: mwezi wa nane mwaka 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitangaza kufuli mpya zilizokusudiwa kuihimili mashine hiyo, ingawa mashine yenyewe haijawa tayari. Wataalamu wanatumaini pia kwamba itasaidia kuelewa dawa na kemikali. Kwa kazi nyingine nyingi, kama kuandika barua, kutuma picha au kutunza hesabu za parokia, haitashinda ile tuliyo nayo. Msichana mmoja aliuliza kama simu yake itakuwa ya kwantamu. Tulimwambia kwamba mashine nyingi za aina hii hutunzwa katika baridi inayokaribia nyuzi 273 chini ya sifuri, kali kuliko baridi ya anga za mbali. Mfuko wake hautaweza. Kicheko hicho kilitusaidia sote.

Kisha tukasema habari ya tarehe. Majaribio yaliyowapa wataalamu wale watatu tuzo ya mwaka 2025 yalifanyika California mwaka 1984 na 1985. Miaka 40 ilipita kati ya jaribio na tuzo, na mashine bado haijaanza kazi yake kubwa. Mwaka 2019 kampuni ya Google ilitangaza kwamba chipu yake ya kyubiti 53 imefanya kwa sekunde 200 hesabu ambayo kompyuta kubwa ya kawaida ingehitaji miaka elfu 10. Washindani wao wa IBM walijibu kwamba siku mbili na nusu zingetosha. Hesabu yenyewe haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Ilichaguliwa kwa sababu ni ngumu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024 Google ilionyesha chipu nyingine yenye kyubiti 105, na hii ilikuwa hatua ya kweli, kwa kuwa makosa yalipungua kadiri kyubiti zilivyoongezwa, jambo lililotafutwa kwa miaka mingi. Lakini makadirio yaliyotolewa mwaka 2025 kwa ajili ya kuvunja kufuli zile yanataja kyubiti zinazokaribia milioni 1. Kutoka 105 hadi milioni 1 ni safari, wala aliyepiga hatua ya kwanza vizuri hawezi kuapa siku ya kufika.

Hata wenye mashine huteleza. Mwaka 2018 watafiti walioshirikiana na Microsoft walichapisha katika jarida la Nature kwamba wamepata dalili za chembe ya ajabu itakayorahisisha kyubiti. Mwaka 2021 walilazimika kuyaondoa maandishi hayo, na wakaomba radhi. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 mkuu wa kampuni ya Nvidia, Jensen Huang, alisema tu kwamba mashine zenye manufaa makubwa huenda zikahitaji miaka kama 20. Kesho yake kampuni kadhaa za kwantamu zilipoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani yao sokoni. Hakuna kyubiti iliyoharibika siku hiyo, lilibadilika neno. Tuliposoma habari hiyo tulikumbuka mifuko yetu chini ya kitanda cha fito.

Mtunza sanduku aliinua mkono. Alisema, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma, kwamba yote hayo ni mambo ya mashine, na yeye anauliza juu ya jiwe. "Mwalimu, ni kweli au si kweli kwamba wanatumia tantali?"

Ni kweli. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba kyubiti iliyotengenezwa kwa utando wa tantali hudumu kuliko zilizotangulia: zaidi ya sehemu tatu za elfu kumi za sekunde. Kwa kyubiti, huo ni uzee. Wengine hutumia aluminiamu au niobi, na wengine hawahitaji utando wowote, bali hushika atomi moja moja kwa miali ya mwanga. Lakini tuseme tantali imeshinda zote.

Basi tukamwita ubaoni, tukampa chaki yeye mwenyewe. Unene wa utando ule ni nanometa 200, yaani milimita 0,0002. Chukua chipu yenye upana wa sentimita moja kila upande: milimita za mraba 100. Zidisha. Akapata milimita za ujazo 0,02. Tantali ni nzito. Milimita moja ya ujazo ina miligramu 16,6. Zidisha tena. Alisitasita penye desimali, akarudia, akapata miligramu 0,33 na kidogo. Kilo moja ina miligramu milioni 1. Akagawanya kimya kimya, mgongo akiwa ametupa sisi, na ukumbi wote ukimfuata kwa midomo. Kilo moja ya tantali inatosha chipu milioni 3.

Kijana mmoja wa nyuma akapinga kwamba kiwandani chuma kingi hupotea. Pingamizi jema, tukamwambia asogeze hesabu. Tuseme kyubiti milioni 1, mia moja katika kila chipu: chipu elfu 10, gramu 3 na kidogo. Tuseme chipu ni kubwa mara kumi kuliko tulivyodhani. Tuseme sehemu tisa kati ya kumi za chuma hupotea. Mashine kubwa kuliko zote zinazoota ndotoni mwa wataalamu ingekula gramu 330, haifiki nusu kilo. Mfuko mmoja wa mchimbaji mmoja wa Pangi ungetosha mashine nyingi. Yule msema-sauti alianza na jambo la kweli juu ya jiwe, na lile la kweli ndilo lililokuwa chambo.

Hapo mzee wa Kabambare akaomba neno. Akasema sisi tunahangaika na tantali, yeye amewahi kungoja roketi. Vijana walidhani anatania. Lakini mwaka 1975 mhandisi Mjerumani Lutz Kayser alianzisha kampuni ya OTRAG, na Rais Mobutu akaipa eneo la kilometa za mraba kama laki 1 katika Shaba ya kaskazini, kusini mwetu, ili irushe roketi za bei nafuu kutoka kwenye uwanda wa juu karibu na mto Luvua. Roketi ya kwanza iliruka mwezi wa tano mwaka 1977, ya pili mwaka mmoja baadaye. Ya tatu, mwezi wa sita mwaka 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Iliinuka kidogo, ikapinda, ikaanguka bondeni. Mwaka 1979 kampuni iliamriwa kuondoka. Mzee alisema kwamba mjomba wake alitembea kutoka Kabambare hadi Kongolo kutafuta kazi ya roketi, akarudi na viatu vipya, na kwamba viatu hivyo vilidumu kuliko mradi. Tungependa kuongeza kwamba fikra ya Kayser, kutengeneza roketi kwa wingi ili ziwe nafuu, haikuwa ya kijinga. Wengine wamefanikiwa nayo katika karne hii, mbali na Luvua, kwa fedha ambazo yeye hakuwa nazo.

Kisha tukawasimulia mwaka 2000. Hatukuwa tumepanga kuusimulia wote, lakini hesabu ile iliyokuwa bado ubaoni ilitulazimisha. Tulitaja mbuzi, cherehani, kitanda cha fito, mwenzetu wa Salamabila. Tulitaja wanafunzi 38. Jina la mama wa kijana hatukulitaja, wala hatukumtazama.

Walipiga kura kwa vikaratasi. Dola 410 zilibaki sandukuni, isipokuwa 35 za vijana wawili waliodai fungu lao, wakaondoka nalo juma lilelile. Hawakukosa adabu, walituaga. Mmoja alituambia kwamba sisi tulikosa kwa sababu tulichelewa kuuza, na yeye hatachelewa. Hatukuwa na hesabu ya kumjibu, kwa kuwa alikuwa amesema kweli juu yetu. Hadi tunapoandika hawajarudi, na mama zao hutuuliza kila Jumapili kana kwamba sisi ndio tuliowatuma.

Mtunza sanduku hakwenda. Kwa siku nne hakuonekana kanisani wala shuleni, nasi tulielewa kwamba ameuliza nyumbani na amejibiwa. Siku ya tano alikuja mama yake, jioni, mtoto mdogo mgongoni, akatukuta tukifungua chumba cha kisomo cha watu wazima. Alitusalimu kama mwanafunzi anavyomsalimu mwalimu, jambo ambalo hatukustahili, akasimama mlangoni kitambo. Akasema mwanawe amemwonyesha katika daftari hesabu ya kilo moja, lakini yeye alishindwa kuifuata pale penye sifuri nyingi baada ya mkato.

"Mwalimu, pale ndipo mlipotuachia," alisema.

Tukamwomba msamaha mlangoni pale pale. Alinyamaza, kisha akauliza kama kisomo kina ada. Tukamwambia hakina. Akaketi benchi la nyuma pamoja na mama wengine saba, akamteremsha mtoto, akatoa daftari la mwanawe ambalo lilikuwa na kurasa tupu mwishoni. Tulifuta ubao, tukaandika sifuri, mkato, na namba ya kwanza.